Homa Yako Iliitwa Malaria na Nani?

Kila msimu wa siasa tunabishana kuhusu afya kwa njia ile ile. Huyu anasema alijenga hospitali, yule anasema hospitali haina dawa, wa tatu anapunga kadi ya bima. Maoni yanajaa, kila mtu anatetea mtu wake, na kufikia Ijumaa tumehamia mada nyingine. Leo sitaji mtu wala chama, kama kawaida ya ukurasa huu. Nataka tuongee kuhusu chumba kimoja ambacho hao wote hawakizungumzii sana: chumba cha kwanza unachoingia ukiwa na ugonjwa wa kawaida. Homa, kikohozi, kuhara, kichwa kisichoisha. Uzi ni mrefu, kwa hivyo kama una chai iweke karibu.

Hoja yangu ni hii. Jina la ugonjwa unaoambiwa unao halitoki mwilini mwako peke yake. Linategemea pia nani amekaa kwenye kile kiti, ana nini kabatini, na analipwa vipi. Siwatusi wahudumu, wengi wao wanafanya miujiza. Ni historia tu, na unaweza kuifuata mwaka kwa mwaka.

Kwanza, nani amekaa pale? Wengi wetu tukisema "nimeona daktari", hatujaona daktari. Tumeona muuguzi wa zahanati, afisa wa kliniki, ama kijana wa duka la dawa. Kuna wale hupenda kutupigia mfano wa Uingereza, ambako tangu 1948 mpango ni kwamba mwananchi anasajiliwa na daktari wa familia mtaani kwake, na huyo ndiye mlango wa kila kitu. Sawa, lakini huo mlango hatukuletewa. Wakati wa mkoloni daktari wa mtaani alikuwa wa wenye pesa mjini. Mwafrika wa kijijini alipangiwa dresa na zahanati yenye kabati moja. Baada ya uhuru tulifundisha maafisa wa kliniki kwa wingi, na ndio waliobeba nchi hii mgongoni. Mafunzo ya madaktari bingwa wa tiba ya familia yalianza Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005. Yaani miaka 42 baada ya uhuru.

Sasa pesa, maana ndizo hutupandisha hasira. Enzi za ukoloni mgonjwa alilipa shilingi 5 kwenye kituo cha serikali. Mwaka 1965 ada hiyo ikaondolewa, na matibabu ya kutwa yakawa bure kwa karibu robo karne. Halafu ikafika Desemba 1989, masharti ya wakopeshaji yamebana, na serikali ikaanza kutuambia tugawane gharama.

Nini kilitokea? Hatuhitaji kukisia. Nairobi kulikuwa na kliniki ya umma ya magonjwa ya zinaa iliyokuwa ikitibu bure. Watafiti walihesabu wagonjwa kabla na baada ya ada. Wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Matokeo yakachapishwa 1992. Kumbuka huo ni wakati gani: UKIMWI unapanda, na kidonda cha zinaa kisichotibiwa hufungulia virusi njia. Ada ndogo ya mlangoni ilikuwa inaamua nani atatibiwa kisonono na nani atarudi nacho nyumbani.

Ada hiyo ikasimamishwa 1990, kisha kuanzia 1992 ikarudi polepole kwa sura nyingine. Badala ya kulipia kumwona mhudumu, ukawa unalipia matibabu yenyewe. Mwaka 2004 ikaja ile ya 10/20, shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya. Mwaka 2013 nazo zikafutwa. Kwa hivyo mtu akikwambia matibabu ya msingi Kenya "yamekuwa bure siku zote" ama "hayajawahi kuwa bure", mwambie asome tarehe. Yamekuwa yakifungwa na kufunguliwa kama lango la boma.

Na kila lango lilipofungwa, watu walienda wapi? Dukani. Duka la dawa halina foleni, halina kadi, na unaweza kununua vidonge viwili ukiwa na pesa ya viwili. Hapo ndipo homa ya Mkenya ilipata daktari wake wa kweli wa familia.

Twende kwenye kabati, maana hapa ndipo hadithi inanoga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilianza kupeleka dawa vituo vya mashinani kwa masanduku yaliyofungwa. Kila zahanati inapata sanduku lake, yaliyomo yamepangwa Nairobi. Ulikuwa mpango mzuri, tena nchi nyingine ziliiga, kwa sababu dawa zilikuwa zikiibwa ama kuharibika njiani. Lakini sanduku lina tabia yake. Ukiwa na klorokwini, dawa za maumivu, za minyoo na antibiotiki chache, basi magonjwa ya kijiji kizima yanajipanga kufuata hizo dawa. Homa ni malaria. Tumbo ni minyoo. Mengine yote ni maumivu.

Nimekulia upande wa ziwa na sikumbuki hata siku moja nikitobolewa kidole utotoni. Joto likipanda, klorokwini. Kizazi changu kinajua ule muwasho wa usiku, unajikuna mpaka unatamani homa yenyewe irudi. Na kwa haki, ule ndio uliokuwa mwongozo: mtoto mwenye homa eneo la malaria atibiwe malaria. Kipimo kilihitaji darubini, umeme na mtu wa maabara, na malaria ya mtoto haingoji. Dawa ilikuwa rahisi na ilifanya kazi.

Mpaka ikaacha. Usugu dhidi ya klorokwini ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kenya ilibadilisha dawa rasmi mwaka 1998, ikaweka ile tuliyoijua kama Fansidar. Hesabu miaka hapo katikati. Fansidar nayo haikudumu. Mwaka 2004 serikali ikatangaza mseto mpya, Coartem kwa jina la mtaani, na ukaanza kufika vituoni 2006. Dawa mpya ilikuwa ghali mara nyingi zaidi ya za zamani, na hapo ndipo swali ambalo halikuulizwa kwa miongo likaanza kuulizwa: kwani hizi homa zote ni malaria kweli?

Jirani zetu walikuwa wamepima. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mwa Tanzania, kuhusu wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya, chini ya nusu ndio walikuwa na vimelea. Waliobaki walikuwa na kitu kingine, na hicho kingine mara nyingi hakikupata dawa yake. Hii ndiyo hatari ambayo watu hawaioni. Ukiitwa malaria na huna, si kwamba umemeza tu vidonge vya bure. Nimonia yako inaendelea kukua huku umeambiwa umeshatibiwa.

Hapa kwetu malaria haijasambaa sawa hata kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta vimelea kwa watoto 8 kati ya 100 nchi nzima, lakini ukanda wa ziwa ni 27 kati ya 100, na maeneo kama Nairobi na Kati chini ya mmoja. Lakini ingia kliniki ya mtaani Nairobi na homa yako. Unajua utaambiwa nini.

Mwaka 2010 mwongozo wa Kenya ukabadilika: pima kwanza, umri wowote, eneo lolote, ndipo utibu. Vipimo vya haraka vya tone la damu vilikuwepo tayari, havihitaji darubini. Kwenye karatasi mambo yalikuwa safi.

Lakini mwaka huo huo ukaja mpango wa kimataifa wa kupunguza bei ya dawa ya malaria madukani. Mnakumbuka pakiti zenye alama ya jani la kijani? Bei iliyopendekezwa ilikuwa shilingi 40 kwa dozi. Nia ilikuwa njema, na dawa iliwafikia watu ambao hawangeimudu. Ila ruzuku ililipia dawa, haikulipia kipimo. Sasa jiweke kwenye viatu vya mama yuko dukani na shilingi 100 na mtoto wa moto. Dawa ni 40. Kipimo kiko kwingine, kina bei yake, na kinaweza kusema hapana. Angefanya nini? Sera mbili za mwaka mmoja, moja inasema pima, nyingine inafanya kutopima kuwa ndiyo njia ya bei nafuu. Sijawahi kusikia mjadala wa runinga ukigusa hilo.

Hata ndani ya vituo kipimo hakikumaliza kazi. Mhudumu aliyefundishwa miaka 20 kwamba homa ni malaria haachi kwa sababu ya karatasi ukutani. Wengine walipima, wakaona hakuna vimelea, wakaandika dawa ya malaria vile vile. Kuna jaribio moja nalipenda sana, la vituo 107 vya mashambani Kenya, matokeo yake yakatoka 2011. Wahudumu walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kwa miezi sita, ukiwakumbusha jinsi ya kutibu malaria ya watoto. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa takriban asilimia 24, na faida ikabaki miezi sita baada ya ujumbe kukoma. SMS, wadau. Hakuna jengo lililozinduliwa, hakuna utepe uliokatwa.

Sasa angalia kilichofuata malaria ilipoanza kubanwa. Mgonjwa bado ana homa, kipimo kimesema hapana, na anataka jina la ugonjwa. Mtaani jina likapatikana: taifodi. Ile "uko na malaria na taifodi kidogo" tumeambiwa karibu sote. Mara nyingi hutoka kwenye kipimo cha Widal, kilichobuniwa 1896, ambacho huweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyewahi kuugua zamani ama mwenye maambukizi mengine kabisa. Ni cha bei ya chini, kinalipiwa, na kinafungua mlango wa antibiotiki, ambayo nayo inalipiwa. Kliniki ndogo ya kibinafsi inayoishi kwa anacholipa mgonjwa wa leo ina kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Ukimwambia mgonjwa "ni virusi, nenda unywe maji upumzike", umemtibu vizuri na umepata hasara. Antibiotiki nazo zinaanza kwenda njia ya klorokwini.

Halafu kuna ugonjwa ambao sanduku halikuwahi kuutafuta. Shangazi yangu alienda zahanati miaka mingi kwa sababu ya kichwa, akarudi na vidonge vya maumivu kila mara. Presha yake ilipimwa mara ya kwanza kwenye kambi ya matibabu ya kanisa, mashine ikasoma 190. Hayuko peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Dawati lililojengwa kwa ajili ya homa linaona homa.

Na sasa tumefika kwenye kelele za leo. Mwaka 2015 bima ya zamani ilipanua matibabu ya kutwa kwa kulipa kituo kiasi fulani kwa kila mwanachama aliyekichagua, aje asije. Mfumo huo unapunguza vipimo vya kutafuta pesa, lakini pia unampa kituo sababu ya kutamani usije. Kila namna ya kulipa ina upande wake wa pili. Sheria za 2023 zikaja na mifuko mitatu. Tunapigana kuhusu asilimia 2.75 ya mapato, na ni haki yetu kupigana. Lakini hiyo asilimia inaingia mfuko mwingine. Zahanati na kituo cha afya vinategemea mfuko wa huduma za msingi, ambao kwa sehemu kubwa unatoka bajeti inayopitishwa bungeni kila mwaka. Bajeti ikisomwa Juni, huo ndio mstari wa kutafuta, kisha uliza kaunti yako ni kiasi gani kimefika vituoni.

Mwaka huo huo wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walipewa mikoba ya kazi. Ndani kuna mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Kwa mara ya kwanza sanduku linalotoka Nairobi limebeba kitu cha kuutafuta ugonjwa wa shangazi yangu mlangoni kwake. Anayepatikana na presha ataelekezwa zahanati iliyo karibu. Wale mlio karibu na zahanati, pitieni wiki hii muulize kama vidonge vya presha vipo, mniandikie hapa chini pamoja na jina la kaunti. Nitakusanya majibu kwa uzi wa Jumanne.