Jina na Kipimo: Utambuzi wa Kamera za Mbao katika Historia ya Mara

Mtafiti anayekabidhiwa kamera ya kale ya mbao huko Nyasho, Musoma, aghalabu huanza kwa kutafuta jina. Mara ilikuwa chini ya Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikawa chini ya Waingereza. Hivyo chombo hicho chaweza kuwa kazi ya Ernemann wa Dresden au ya Thornton-Pickard wa Altrincham.

Hata hivyo, jina lililochongwa kwenye lenzi ni la mtengenezaji wa lenzi tu. Kampuni ya Ross ya London ilitengeneza lenzi za Zeiss kwa leseni, na shata za Thornton-Pickard zilifungwa kwenye kamera za mafundi wengine.

Ushahidi ulio imara zaidi ni nafasi ya bamba la kioo nyuma ya kamera. Bamba lililozoeleka Ujerumani lilikuwa na sentimita 13 kwa 18. Nusu bamba la Kiingereza lilikuwa na inchi 4¾ kwa 6½, yaani takribani sentimita 12 kwa 16.5. Kwa kuwa Wajerumani waliuza pia kamera za vipimo vya inchi, kipimo sharti kisomwe pamoja na viungo vya mbao, bawaba na skurubu.

Suala hili haliwahusu wakusanyaji pekee. Picha ikinasibishwa na utawala usio wake, tarehe hupotoka, na pamoja nayo maelezo ya aliyeipiga na kusudi lake. Aidha, kamera hupita kwa wamiliki wengi: kumtambua fundi si kumtambua mpigapicha.