Benchi la EAR&H: kusoma tarehe kwenye mbao

Haya wasomaji wangu, leo tuziache seva zipumue kidogo. Ukizunguka kwa wauza samani kuukuu hapa Nairobi utagundua jambo moja la kuchekesha: kila benchi refu la mbao nzito "lilitoka stesheni", na kila lililotoka stesheni ni la 1901. Bei nayo inapandishwa ifanane na hadithi. Mimi nilionyeshwa moja la namna hiyo, futi sita, egemeo la mbao nyembamba tano, nikaambiwa ni benchi la "Lunatic Express" na kwamba nisipolichukua leo kuna mzungu anarudi kesho. (Huyo mzungu wa kesho tunamfahamu sote.)

Nikaomba tulipindue.

Kabla ya kuangalia chini, tulitazame hilo jina. Ni kweli kwamba wapinzani wa reli huko Uingereza waliuita mradi huo wazimu tangu miaka ya 1890. Lakini jina "Lunatic Express" lilienea sana kupitia kitabu cha Charles Miller kilichotoka mwaka 1971. Kwa hiyo mtu akikuambia benchi lake lina historia yenye jina hilo tangu siku ya kwanza, ujue hadithi imepitia dukani kwanza.

Sasa, upande wa chini. Kulikuwa na herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto: EAR&H. Kwa mtu wa programu hii ni kama kukuta namba ya toleo ndani ya faili, maana shirika la reli limebadilisha jina mara nyingi na kila jina lina mipaka yake. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu (wakati huo Port Florence) Desemba 1901. Miaka yote hiyo iliitwa Reli ya Uganda, yaani UR. Mwaka 1926 ikawa Reli ya Kenya na Uganda, KUR, na muda mfupi baadaye bandari zikaongezwa ikawa KUR&H. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli ya Tanganyika, ndipo EAR&H ikazaliwa: Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa zikapewa shirika lake, ile H ikafa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mwaka uliofuata Kenya ikawa na Shirika la Reli lake yenyewe.

Basi chuma kile cha moto kiligusa benchi kati ya 1948 na 1969. Ile 1901 imekwenda.

Lakini ngoja. Muuzaji, ambaye si mjinga hata kidogo, akanijibu vizuri: pengine benchi ni la zamani, alama ndiyo iliyopigwa baadaye. Hoja hiyo ni halali kabisa! Ukinakili faili kutoka mashine moja hadi nyingine, Windows hukupa tarehe ya kuundwa ambayo ni ya siku uliyonakili, wala si siku faili lilipoandikwa. Alama ya mali inasema nani alikuwa mwenye mali, haisemi fundi alikuwa kazini mwaka gani. Shirika jipya lilirithi stesheni zilizojaa vyombo vya shirika la zamani.

Jibu lilikuwa kwenye rangi. Nilikwangua sehemu ndogo kwa wembe, pale ambapo haionekani, polepole kama mtu anayechimba ngazi, mpaka matabaka yakaonekana moja moja: kijani juu, kahawia katikati, kijivu chini kabisa, kisha mbao. Halafu nikaangalia ndani ya herufi. Kile kijivu cha chini kabisa kilikuwa kimeingia mpaka kwenye kina cha R. Yaani alama ilipigwa kwenye mbao tupu, kabla ya rangi ya kwanza. Kama benchi lingekuwa limekaa stesheni miaka arobaini na kupakwa rangi ndipo likachomwa, moto ungepita juu ya rangi ya zamani na kuiunguza. Mtu angeweza kubisha kwamba rangi yote ya awali iliondolewa kwanza, lakini hata kwenye viungo, mahali ambapo hakuna msasa unaofika, sikukuta tone la rangi nyingine.

Onyo hapa, na hili si mzaha: rangi za zamani mara nyingi zina risasi ile ya sumu. Usipige msasa mkavu, na usifanyie kazi hiyo chumbani ambako watoto wanatambaa.

Skurubu nazo zinaongea. Nyingi zilikuwa za mfereji mmoja, ambazo hazikusaidii sana kwani zilitengenezwa kabla ya reli na zinauzwa hadi leo. Tatu zilikuwa za msalaba. Hizo Henry Phillips alipata hataza yake Marekani miaka ya 1930, na magari ya Cadillac yalianza kuzitumia 1936. Zote tatu zilishika ubao mmoja tu wa egemeo, na ubao huo ni mwepesi, wa rangi tofauti, hauna kijivu wala kahawia, una kijani peke yake. Hilo ni rekebisho la baadaye, kiraka. Usitumie kiraka kukisia umri wa programu nzima.

Mbao zingine muuzaji aliziita msaji wa Burma. Nikalowesha kidogo kichwa cha ubao na kukitazama kwa kioo cha kukuzia. Msaji una vitundu vikubwa vilivyojipanga mstari kufuata pete za ukuaji, na ukikwangua una mafuta na harufu kama ya ngozi. Hapa vitundu vilikuwa vimetawanyika, kila kimoja na alama nyeupe pembeni kama mabawa. Huo ni mvule. Mvule unaota Uganda, magharibi mwa Kenya, Pwani na Tanzania, kwa hiyo hauwezi kukuambia benchi ni la nchi gani. Unakuambia tu kwamba halikuvuka bahari. Maseremala wanaujua pia kwa ubaya wake: wakati mwingine ndani kuna mawe ya chokaa yanayomaliza meno ya msumeno.

Vipimo sikuvitumia. Benchi liko kwa inchi kamili, ndiyo, lakini nenda Gikomba leo uombe mbao, utaulizwa mbili kwa nne.

Kwa nini nahangaika hivi kwa kiti? Kwa sababu 1901 na 1950 na kitu ni nchi mbili tofauti. Benchi la miaka hiyo ya EAR&H liliona daraja la kwanza lililokuwa kwa vitendo la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu ambamo Waafrika walibanana. Liliona Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wakati kusafiri kwenyewe kulihitaji karatasi. Huenda kisha likaona Uhuru likiwa palepale. Hiyo kwangu ni hadithi nzito kuliko simba wa Tsavo tunaouziwa kila siku.

Na kuna swali la karatasi. Mali ya reli ni mali ya umma. Hutoka kwa mnada, na mnada huacha stakabadhi. Nilimwomba muuzaji stakabadhi hiyo kabla ya kutaja bei, na alikuwa nayo, imekunjwa mara nne kwenye pochi. Asingekuwa nayo ningeondoka, hata kama R imejaa kijivu.

Tulipatana kwa chini kidogo ya nusu ya bei ya 1901. Fundi wangu alitaka kulipiga randa lote ling'ae. Nimemruhusu kukaza miguu tu. Upande wa chini asiuguse, na zile skurubu tatu za msalaba azikaze bila kuzibadilisha.