Akiba Isiyoungua: Historia ya Betri Katika Meli za Kazi

Kila kamanda anajua kwamba jeshi lisilo na kikosi cha akiba haliwezi kustahimili pigo la ghafla. Lakini anajua pia kwamba akiba ina gharama yake, kwani nayo hula na kuvaa hata siku isiyopigana. Namna ya kuweka akiba bila ya kufuja mali ndilo swali lililobadili, katika miaka ya karibuni, meli zinazohudumia visima vya mafuta katika Bahari ya Kaskazini.

Nguvu za umeme melini si jambo geni. Mwaka 1838 mwanasayansi Moritz Jacobi aliendesha mashua kwa betri katika mto Neva, mjini St. Petersburg. Mwaka 1903 meli ya mafuta iliyoitwa Vandal ilianza safari katika mto Volga; injini zake za dizeli zilizalisha umeme, na umeme huo ndio uliozungusha rafadha. Kisha vita viwili vikuu vya dunia vikaeneza nyambizi, zilizotumia dizeli juu ya maji na betri chini ya maji. Wanamaji wa kivita, basi, walitumia betri miaka mingi kabla ya meli hizi za kazi.

Haja ya meli za kazi ilizaliwa baadaye. Mwaka 1961 meli CUSS I ilichimba sakafu ya bahari karibu na Marekani na Mexico, mahali penye kina kirefu mno kwa nanga. Ilijishikilia pale pale kwa rafadha za pembeni zilizoongozwa kwa mkono. Mwaka huo huo meli Eureka ikafanya kazi hiyo kwa mtambo uliojiongoza wenyewe. Norway ilipoanza kutoa mafuta Ekofisk mwaka 1971, Bahari ya Kaskazini ikawa uwanja mkubwa wa mbinu hiyo.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Meli inayopakua mabomba na saruji husimama karibu sana na jukwaa la kuchimbia. Umeme wake ukikatika, mawimbi huweza kuibamiza kwenye jukwaa lenye watu, mafuta na gesi. Kwa hofu hiyo, jenereta mbili au zaidi huachwa zikinguruma ilhali moja ingetosha. Kila moja hubeba mzigo mdogo, na dizeli yenye mzigo mdogo hula mafuta mengi kuliko kazi inayoifanya, tena hutoa masizi. Akiba hiyo ilikuwa ikiungua usiku na mchana.

Mwaka 2007 Serikali ya Norway ilitoza kodi juu ya oksidi za naitrojeni zilizomo katika moshi. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mfuko ambao makampuni huuchangia badala ya kulipa kodi hiyo, nao hugharamia mitambo ya kupunguza moshi. Meli Viking Lady, iliyoanza kazi mwaka 2009, ikatiwa betri kubwa mwaka 2013. Betri ikiwa tayari kutoa umeme papo hapo, jenereta ya ziada huweza kuzimwa, na inayobaki ikabeba mzigo unaoifaa. Mwaka 2017 Viking Princess ikapunguziwa jenereta kutoka nne hadi tatu, nafasi ya moja ikashikwa na betri.

Hata hivyo, tusijidanganye. Dizeli haikuondoka melini, na betri ina hatari zake. Oktoba 2019 moto ulizuka katika chumba cha betri cha kivuko cha Norway kiitwacho Ytterøyningen; siku ya pili gesi ikalipuka, na wazimamoto wakapelekwa hospitali. Askari anayelinda bandari hana budi kukumbuka kwamba moto wa betri unaoonekana umezimika huenda ungali hai ndani.

Habari hizi si za mbali. Novemba 2022 Msumbiji ilianza kusafirisha gesi kutoka mtambo wa Coral Sul unaoelea baharini. Mwaka 2023 mataifa wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini yalikubaliana kufikia sifuri halisi ya gesi joto zitokazo melini ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Meli zinazokuja kufanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki ziulizwe mapema: akiba yao ni ya namna gani, na mabaharia wao wamefunzwa kuilinda?

Wahenga walisema akiba haiozi. Historia ya meli hizi yatufundisha kwamba akiba huweza kuungua, na kwamba mwenye kuiweka ndiye mwenye wajibu wa kuilinda.