Zege la Ua na Chumvi ya Bahari

Mwenye kumwaga zege huku Pwani ana adui ambaye mtu wa bara hamjui: chumvi. Mchanga wa ufuoni ni wa bure na maji ya kisima cha chumvi yako karibu, lakini vyote viwili huliza chuma kilicho ndani. Kutu huvimba, zege likapasuka na kubanduka. Tazama roshani kuukuu zilizo karibu na bahari utaona. Nunua mchanga wa mtoni, na maji yawe matamu.

Shindilia ardhi, tandika nailoni nene, kisha wavu wa chuma uinuliwe juu ya vipande vya zege, usilale chini. Kipimo cha kawaida ni karai 1 la simiti, makarai 2 ya mchanga na 4 ya kokoto. Unene wa inchi 4 watosha ua wa kukaa. Pa gari ongeza. Fundi akitaka kuzidisha maji ili kazi iwe nyepesi, mkatalie. Maji mengi hulidhoofisha zege.

Likishashika, kazi ni ya wenye nyumba: lifunikwe magunia, limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 kamili, maana jua letu halina huruma. Nguvu zake hupimwa siku ya 28. Gari lisubiri.