Nyanya Yako Alizaliwa Wapi?



Kwanza neno moja. Nyanya ninayoisema hapa ni mama wa mama ama mama wa baba, siyo ile ya kupikia. Watanzania wanasema bibi, lakini kwetu sisi Wakongo bibi ni mke, kwa hiyo tubaki na nyanya tusije tukagombana.

Leo naandika juu ya mchezo ambao wengi wetu hapa kambini hatujawahi kuucheza: raga ya watu 13, ile wanayoiita raga ligi. Siyo ya watu 7 ambayo Kenya wanajulikana nayo, na siyo ya watu 15. Hii inapendwa sana Australia, New Zealand, kaskazini mwa Uingereza na Papua New Guinea. Nimekuwa nikiifuatilia kwenye simu, si kwa sababu ya kugongana kwao, hapana. Ni kwa sababu mchezo huu umebishana zaidi ya miaka 100 juu ya swali ambalo sisi tunaulizwa kila tukijaza fomu. Wewe ni wa wapi?

Mchezo wenyewe ulizaliwa na ugomvi. Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli moja ya mji wa Huddersfield, vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilijitoa kwenye chama cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa watu wa migodi ya makaa na wa viwandani. Wakienda kucheza Jumamosi, pesa ya kazi ya siku hiyo inapotea. Vilabu vikataka kuwarudishia ile pesa. Wakubwa wa chama wakasema hapana, raga haichezwi kwa malipo. Ni rahisi kusema hivyo kama umeshiba. Basi wakaachana.

Sasa vilabu vina mchezo wao, lakini nchi ya kucheza nayo iko wapi? Nchi nyingine zilikuwa hazijaanza. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya mchezo huu ilichezwa mjini Wigan tarehe 5 Aprili 1904. Upande mmoja England. Upande wa pili timu iliyoitwa Mataifa Mengine. Siwatanii, ndilo lilikuwa jina lake. Walikuwa watu wa Wales na Skotilandi (huko wanahesabiwa nchi mbalimbali) waliohamia kaskazini kuchezea vilabu vya huko. Bendera moja hawakuwa nayo. Wakashinda 9 kwa 3.

Timu hiyo ilikufa na kufufuka mara nyingi. Baada ya vita kuu ya pili ilirudi ikiwa na Waaustralia, Wanyuzilandi na Waskoti, wote wanaofanya kazi ya raga Uingereza. Ndani yake alikuwemo Brian Bevan. Huyo bwana alizaliwa Sydney, akafika Uingereza akiwa mwanamaji mwaka 1945, akabaki kuchezea Warrington. Alifunga trai 796, yaani mara 796 aliweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Australia haikumwita hata mara moja. Mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya mchezo, na jezi yake ya kimataifa ilikuwa ya Mataifa Mengine.

Mimi nasaidia kuandika majina ya timu kwenye mashindano yetu ya mpira wa miguu hapa kambini. Mnajua tunavyogawa: Kongo, Burundi, Sudan Kusini, Rwanda, Somalia. Kila mwaka anakuja kijana ambaye baba ni Mkongo, mama ni Mrundi, yeye amezaliwa hapahapa. Wazee wa upande huu wanasema si wetu, wa upande ule wanasema si wetu, mpaka akifunga magoli mawili ndipo wote wanamkumbuka. Mwaka huu nimependekeza kwenye kamati tuwe na timu ya Mataifa Mengine. Wengine wamecheka. Bado hatujapiga kura.

Turudi Australia. Huko majimbo mawili, New South Wales na Queensland, yana upinzani mkali. Zamani ulichezea jimbo ambako klabu yako iko, na vilabu vyenye pesa vilikuwa Sydney, ndani ya New South Wales. Kwa hiyo mtoto wa Queensland akipata kazi Sydney, anavalishwa jezi ya kwenda kuipiga Queensland. Mwaka 1980 wakajaribu mechi ya asili: kila mtu arudi jimbo alikotokea. Arthur Beetson, mwenyeji wa asili wa nchi ile, mzaliwa wa Queensland, aliyekuwa ameshachezea New South Wales, alirudi kuwa nahodha wa kwao akiwa na miaka 35. Brisbane ilijaa. Queensland ikashinda 20 kwa 10. Kumbe makao peke yake hayatoshi kumjua mtu. Lakini asili nayo ina matatizo yake, na hapo ndipo nyanya anaingia.

Sheria za kimataifa za raga ligi zinakuruhusu kuchezea nchi uliyozaliwa, ama ya baba au mama, ama ya babu au nyanya. Zaidi ya hapo zinahesabu miaka uliyoishi mahali. Mwaka 2006 New Zealand ilimchezesha Nathan Fien, mzaliwa wa Mount Isa huko Queensland, kwa maelezo kwamba nyanya yake alizaliwa New Zealand. Wakaishinda Uingereza. Halafu waandishi wa habari wakachimba, ikaonekana aliyezaliwa New Zealand siyo nyanya, ni mama wa nyanya. Kizazi kimoja kimezidi! New Zealand wakanyang'anywa pointi zao 2.

Hebu fikirini. Cheti kimoja cha mtu aliyekufa zamani kinaamua wewe ni nani. Sisi tunalijua jambo hilo vizuri. Nyanya yangu mwenyewe alizaliwa mahali ambapo hakuna aliyeandika kitu, na kama kiliandikwa, kimeungua. Kwa sheria ya Fien, mimi ningekuwa wa wapi? Lakini hadithi haikuishia hapo. Fien aliendelea kuishi Auckland na kucheza klabu ya huko, miaka 3 iliyotakiwa wakati ule ikatimia, akaruhusiwa kwa makao. Mwaka 2008 New Zealand ilichukua Kombe la Dunia kwa kuipiga Australia 34 kwa 20 mjini Brisbane, na Fien alikuwa uwanjani. Kile ambacho nyanya alishindwa kumpa, alikipata kwa kukaa tu. Mtu akikaa kambini miaka 20 hapati hata nusu ya hicho, lakini hayo tuyaache kwa leo.

Wapo wanaosema sheria hizi zinatengeneza nchi za uongo. Lebanon ilipoingia Kombe la Dunia mwaka 2000, karibu timu yote ilikuwa vijana waliokulia Australia, watoto wa waliohama, wengi wakikimbia vita ya miaka 15. Watu walinung'unika kwamba ile ni Sydney imevaa mti wa mwerezi kifuani. Lakini mle alikuwemo Hazem El Masri, aliyezaliwa Tripoli na kufika Sydney mwaka 1988 akiwa mtoto. Mwaka 2002 aliichezea Australia pia. Mwaka 2009 alivunja rekodi ya pointi ya ligi ya Australia. Atakayemwambia huyo kwamba Lebanon yake ni ya uongo, mimi simwelewi.

Kwenye mpira wa miguu mlango ni mwembamba. Cédric Bakambu alizaliwa Ufaransa, akachezea timu za vijana za Ufaransa, halafu akachagua Kongo yetu. Huko mtu akishabadilisha, kwa kawaida ndiyo basi. Raga ligi imelegeza zaidi: kati ya Australia, New Zealand na England huruhusiwi kuhama, lakini kati ya mojawapo ya hizo na nchi ndogo unaweza kwenda na kurudi. James Tedesco alicheza Kombe la Dunia la 2017 na Italia, la nchi ya nyanya na babu. Lililofuata, mwaka 2022, alilinyanyua akiwa nahodha wa Australia. Ubaya ni huo: mkubwa akiita, mdogo anaachwa. Kwa miaka mingi nchi ndogo zilikuwa kama mahali pa kusubiria.

Mwaka 2017 wakageuza. Jason Taumalolo, mzaliwa wa Auckland kwa wazazi wa Tonga, alikuwa tegemeo la New Zealand. Andrew Fifita alikuwa wa Australia. Kabla tu ya Kombe la Dunia wote wawili wakachagua Tonga, ambako pesa ni kidogo. New Zealand watu walikasirika sana. Tonga yote ina watu kama laki moja; Kakuma peke yake inaizidi. Tarehe 11 Novemba, mjini Hamilton, Tonga ilikuwa nyuma 16 kwa 2 wakati wa mapumziko, ikamaliza imeshinda New Zealand 28 kwa 22. Nusu fainali walifungwa na England 20 kwa 18, wakiwa wametoka nyuma 20 bila. Mitaa ya kusini mwa Auckland ilikuwa nyekundu kwa bendera, watu waliozaliwa New Zealand wakilia kwa ajili ya kisiwa ambacho wengine wao wanakijua kwa hadithi za nyanya tu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Novemba 2019, Tonga ikaipiga Australia 16 kwa 12. Mechi haikuchezwa Tonga. Ilichezwa Auckland, na Taumalolo alikuwa nyumbani pande zote mbili.