Barua Zilizotiwa Saini ya "Steve"

Ninapowaomba wanafunzi wangu wanitajie waasisi wa tasnia ya kompyuta, aghalabu hunitajia wanaume wa Marekani. Leo napenda kumtaja mwanamke aliyeingia Uingereza akiwa mkimbizi wa miaka mitano: Stephanie Shirley.

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake, Myahudi, alikuwa jaji; utawala wa Hitler ukamvua wadhifa huo. Julai 1939 wazazi wake wakampakia garimoshi pamoja na dada yake wa miaka tisa, wakaenda kulelewa na watu wasiowajua. Walikuwa miongoni mwa watoto wapatao 10,000 waliopokewa na Uingereza kabla ya vita.

Hata hivyo, kuokolewa roho ni jambo moja, na kufunguliwa milango ni jambo jingine. Shule yake ya wasichana haikuwa na somo la hisabati. Ikambidi aende kulisoma katika shule ya wavulana. Alipoajiriwa na kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, alisoma jioni kwa miaka sita hadi akapata shahada.

Mwaka 1962, kwa mtaji wa pauni 6, alianzisha nyumbani kwake kampuni ya kuandika programu za kompyuta. Aliwaajiri wanawake wenye ujuzi ambao ndoa na uzazi viliwatoa kazini, nao wakafanyia kazi majumbani mwao. Barua zake za kutafuta wateja hazikujibiwa. Mumewe akamshauri atie saini ya "Steve", jina la kiume. Ndipo milango ikaanza kufunguka.

Wanawake hao ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu tu. Baadaye aliwagawia wafanyakazi hisa, na 70 kati yao wakawa mamilionea. Sehemu kubwa ya utajiri wake aliitoa kwa ajili ya huduma na utafiti wa usonji, hali aliyokuwa nayo mwanawe wa pekee, Giles. Shirley alifariki Agosti 2025.

Wapo watakaosema maisha haya yanathibitisha kwamba juhudi hailali njaa. Mimi naona vingine. Juhudi ilikuwapo tangu barua ya kwanza. Kilichobadilika ni jina lililokuwa chini ya barua.

Sisi Watanzania tumewapokea wakimbizi kwa miongo mingi, na ni haki tujivunie. Lakini wewe mtumishi wa umma unayepitia maombi ya kazi, nawe mwanaharakati unayedai usawa, jiulizeni: ni barua ngapi tumeziweka kando baada ya kusoma jina tu? Si kila mwenye kipaji atapata "Steve" wa kujificha nyuma yake, wala hapaswi kumhitaji.