Kikapu Kilichofunikwa: Gofu ya Visahani Katika Miaka ya Korona

Gofu ya visahani haina fimbo wala mpira. Mchezaji hushika kisahani cha plastiki, akakirusha kutoka sehemu ya kuanzia, akakifuata kilipoangukia, akarusha tena kutoka hapohapo, mpaka kitumbukie ndani ya kikapu cha chuma kilichosimikwa kwenye nguzo. Ukingo wa kikapu uko kwenye kimo cha sentimita 82 hivi, na juu yake inaning'inia minyororo iliyopangwa kwa duara. Kisahani kikiigonga, minyororo hukipokonya kasi na kukiangusha chini, na huo mlio wa chuma kugongana ndio anaoungoja kila mrushaji. Uwanja wa kawaida una vikapu 9 au 18. Kila kimoja huitwa shimo, ingawa hakuna shimo lolote lililochimbwa. Jina limerithiwa kutoka gofu ya mpira. Anayemaliza kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi.

Viwanja vingi vya mchezo huu viko ndani ya bustani za umma, na vingi kati yavyo havitozi kiingilio. Hakuna lango la kufungwa kwa kufuli, hakuna karani wa tiketi, hakuna saa ya kupangiwa. Dunia ilipofungwa mwaka 2020, jambo hilo ndilo lililoamua kwa kiasi kikubwa mchezo huu ungefikwa na nini. Ili kuelewa yaliyotokea, lazima kwanza ifahamike jinsi kikapu kilivyofika bustanini.

Watu walikuwa wakirusha vitu vya duara kulenga shabaha zamani sana kabla ya kikapu. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, watoto wa shule walicheza gofu ya namna hiyo kwa vifuniko vya makopo. Kisahani chenyewe kilipata umbo lake Marekani. Walter Frederick Morrison alianza miaka ya 1930 kwa kuuza visahani vya kuokea keki kwenye fukwe za California, akaja kutengeneza cha plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikanunua haki zake na kukiita Frisbee. Jina hilo lilitokana na kiwanda cha mikate ya matunda cha Frisbie huko Connecticut, ambacho sahani zake za bati zilikuwa zikirushwa na vijana.

Mtu aliyeugeuza mchezo wa ufukweni kuwa mchezo wenye uwanja alikuwa Ed Headrick, mfanyakazi wa Wham-O. Mwaka 1967 alipata hataza ya kisahani kilichoboreshwa, chenye mistari ya duara mgongoni inayokifanya kitulie hewani. Mwaka 1975 alisanifu uwanja katika bustani ya Oak Grove, La Cañada Flintridge, California, unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa kudumu. Shabaha za Oak Grove zilikuwa nguzo tupu. Kisahani kikigusa nguzo, shimo limekwisha. Tabu ikawa kwamba kisahani kinachopita kwa kasi kando ya nguzo hakiachi ushahidi. Aliyekirusha huapa kimegusa, mpinzani wake huapa hakikugusa, na mchezo husimama.

Headrick alichoshwa na mabishano hayo. Akishirikiana na mwanawe Ken, alifunga minyororo juu ya nguzo na kuweka kikapu chini yake, ili kisahani kilichofika kikamatwe na kubaki pale mbele ya macho ya wote. Hataza ya kifaa hicho ilitolewa mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameanzisha chama cha wachezaji, PDGA, na namba 001 ya uanachama ikawa yake. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kufinyangwa visahani, kama alivyokuwa ameomba.

Kikapu kilimaliza ubishi, lakini faida yake kubwa zaidi ilikuwa kwa manispaa. Uwanja wa gofu ya mpira hutaka majani yaliyonyolewa, maji mengi na wafanyakazi wa kudumu. Vikapu 18 husimikwa mara moja katikati ya miti iliyopo, kwenye miteremko isiyofaa kwa soka, na baada ya hapo vinahitaji uangalizi kidogo tu. Kazi kubwa ya kusafisha njia hufanywa na wachezaji wenyewe kwa kujitolea. Mwaka 1983 Dave Dunipace alileta kisahani chenye ukingo uliochongwa kwa mshazari, kinachokata hewa na kwenda mbali kuliko vyote vilivyokitangulia, na masafa ya mashimo yakaongezeka. Kufikia 2020 dunia ilikuwa na viwanja zaidi ya 10,000, vingi kati yavyo vikiwa Marekani, na Finland na Estonia zikiwa na vingi mno zikilinganishwa na idadi ya watu wake.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, mashindano ndiyo yaliyotangulia kuanguka. Katikati ya mwezi huo PDGA ilisimamisha mashindano yanayotambuliwa nayo. Michuano ya ubingwa wa dunia ya wachezaji wa kulipwa, iliyokuwa ifanyike Ogden, jimbo la Utah, haikufanyika mwaka huo. Lakini mashindano ni sehemu ndogo ya mchezo. Mchezaji wa kawaida hutoka nyumbani na begi lake, akacheza peke yake au na rafiki, akarudi. Swali lililobaki ni kama hilo nalo lilikuwa limekatazwa.

Majibu yalitofautiana baina ya nchi na nchi, na wakati mwingine baina ya mji na mji jirani. Uingereza, kuanzia tarehe 23 Machi, iliruhusu zoezi moja la nje kwa siku, mtu akiwa peke yake au na watu wa nyumba yake. Nchini Estonia watu wasiozidi wawili waliruhusiwa kuwa pamoja nje, wakikaa mita mbili kutoka kwa wengine. Kanuni hiyo iliondoa vikundi vya wanne waliozoea kucheza pamoja, ila haikumwondoa mrushaji uwanjani. Finland ilizuia mikusanyiko ya watu zaidi ya 10 na ikafunga mipaka ya eneo la Uusimaa lenye jiji la Helsinki kuanzia tarehe 28 Machi hadi 15 Aprili, lakini misitu yake ilibaki wazi. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilikwenda njia nyingine: amri ya tarehe 30 Machi ilifunga viwanja na vifaa vyote vya nje vya michezo, huku watu wakiruhusiwa kupita tu kwenye maeneo ya kijani.

Marekani haikuwa na amri moja ya nchi nzima. California iliagiza wakazi wake wabaki nyumbani kuanzia tarehe 19 Machi, majimbo mengi yakafuata, na karibu amri zote ziliruhusu kutembea na kufanya mazoezi nje. Idara za bustani ndizo zilizobaki na kazi ya kuamua kama kutembea na kisahani mkononi ni matembezi au ni michezo. Kuna zilizofunga bustani nzima, na kuna zilizofunga sehemu za kuegesha magari tu, zikajua kwamba asiye na pa kuacha gari atarudi kwake. Zilizoacha njia wazi zilikuwa na hofu moja kubwa, nayo ilikuwa kikapu.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake. Tarehe 17 Machi jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya jaribio la maabara kuhusu muda ambao virusi vya korona huishi juu ya vitu. Kwenye shaba vilidumu hadi saa 4, kwenye kadibodi hadi saa 24, ila kwenye plastiki na chuma kisichoshika kutu vilionekana hata baada ya siku mbili tatu. Jaribio lilifanyika ndani ya chumba, kwenye joto la nyuzi 21 hadi 23, mbali na jua na upepo. Hata hivyo, msomaji wa habari hizo aliyekuwa na begi la visahani hakuweza kukosa kuona kwamba mchezo wake wote ni plastiki inayotupwa kwenye chuma, na kwamba kila anayemaliza shimo huingiza mkono mahali palepale alipoingiza mwenzake.

Ndipo vikapu vikaanza kufunikwa. Katika bustani moja mfuko mweusi wa taka ulivishwa juu ya minyororo na kukazwa kwa mkanda wa gundi. Katika nyingine utepe wa njano wa tahadhari ulizungushwa kutoka juu hadi chini ya nguzo. Ziko bustani zilizong'oa vikapu vyake na kuviweka ghalani. Penye wachezaji waliojipanga, walitafuta njia ya kati: waliziba mdomo wa kikapu kwa ubao, au walikijaza sifongo ili kisahani kisizame na mkono usiguse chuma, wakapatana kwamba kisahani kikigonga minyororo au nguzo, shimo limehesabiwa. Gofu ya mpira nayo ilikuwa ikifanya jambo linalofanana na hilo kwa kuzungushia sifongo mti wa bendera ili mpira usishuke shimoni.

Kwa mapatano hayo mchezo ulirudi nyuma miaka 45, hadi kwenye nguzo tupu za Oak Grove, na ubishi wa zamani ukarudi pamoja nao. Kisahani kilichogonga ukingo wa kikapu kimehesabiwa? Na kilichopangusa mnyororo wa pembeni kikaendelea na safari yake? Kila kikundi kilijibu kivyake. Wasiwasi wa wakati ule ulikuwa mkubwa kuliko hamu ya kushinda, na mrusho wenye shaka ulisamehewa mara nyingi.

Desturi ndogondogo nazo zilibadilika, na pengine hizo ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi namna watu walivyokuwa wakiishi. Katika mchezo huu ni adabu kumtolea mwenzako kisahani kilichomo kikapuni na kumrushia. Sasa ikawa adabu kutokigusa. Mchezaji huandika jina na namba ya simu upande wa chini wa kisahani, na anayekiokota kichakani humpigia mwenyewe. Wengi walianza kuviacha vilipo, au kuvisogeza kwa ncha ya kiatu hadi pembeni mwa njia. Kadi ya karatasi iliyozungushwa mkono kwa mkono, pamoja na penseli yake fupi, iliachwa, na kila mtu akaandika mirusho yake kwenye simu. Kupeana mikono baada ya shimo la mwisho kulikoma, wachezaji wakagonganisha visahani au viatu.

Kisha wakaja watu wapya. Vyumba vya mazoezi vilikuwa vimefungwa, shule zimefungwa, soka na mpira wa kikapu vya mitaani havikuruhusiwa. Kisahani kimoja kilipatikana kwa dola 10 hadi 20 na kingetosha kwa uwanja mzima. Baba na binti wangeweza kucheza bila kumkaribia mtu mwingine. PDGA, ambayo mashindano yake yalikuwa yamesimama kwa sehemu ya mwaka, ilifunga 2020 ikiwa na wanachama hai zaidi ya 70,000, na mwaka 2021 wakapita 100,000. Na hao ni wanaolipa ada tu. Wengi wanaocheza bustanini hawajawahi kujiunga na chama chochote.

Wingi huo ulikuja na shida zake. Viwanda vya visahani, ambavyo vingi kati ya vikubwa viko Marekani, vilisimamisha au kupunguza kazi wakati wa amri za kubaki nyumbani, na vilipofunguliwa havikuweza kukidhi mahitaji. Upungufu wa malighafi za plastiki ulizidisha tatizo mwaka 2021. Rafu za maduka zilikaa tupu, na kisahani kipya kilinunuliwa kabla hakijapangwa. Viwanjani, foleni zilijipanga mahali ambapo zamani mtu angecheza saa nzima bila kuona mwingine. Magome ya miti iliyo karibu na njia yalichubuliwa na visahani, na udongo kuzunguka vikapu ukakanyagwa hadi majani yakafa. Wazee wa viwanja waliojitolea kwa miaka mingi walijikuta wakiwafundisha wageni mambo ya msingi: kumngoja aliye mbele atoke, kumpisha anayetembeza mbwa, kubeba takataka.

Ufunguzi haukwenda kwa mstari ulionyooka. England ililegeza masharti tarehe 13 Mei 2020 na kuruhusu mtu kukutana nje na mmoja asiye wa nyumba yake. Estonia iliondoa hali ya dharura katikati ya mwezi huohuo. Ontario, iliyokuwa imefungua, ilifunga tena viwanja vya nje tarehe 17 Aprili 2021, gofu ikiwemo, na haikuviachia hadi tarehe 22 Mei. Madaktari walikuwa miongoni mwa waliopinga hatua hiyo, wakisema watu wanasukumwa ndani ya nyumba, mahali ambapo maambukizi husambaa kwa urahisi zaidi.

Wakati huo sayansi ilikuwa imekwisha kukisafisha kikapu. Tarehe 5 Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa jumla ni chini ya 1 kati ya 10,000. Njia kuu ilikuwa hewa wanayovuta watu waliokaribiana, na hewa ya bustani huwa wazi. Mifuko, mbao na sifongo vilikuwa vimeanza kuondolewa kabla ya hapo katika sehemu nyingi.

Ubingwa wa dunia ulifanyika hatimaye Ogden, mwezi Juni 2021. Tarehe 26, kwenye shimo la mwisho la uwanja wa Fort Buenaventura, James Conrad alikuwa nyuma ya Paul McBeth kwa mrusho mmoja, akiwa mbali na kikapu kwa mita 75 hivi. Alirusha, kisahani kikapinda hewani na kuingia moja kwa moja kwenye minyororo. Wakawa sawa, Conrad akashinda kwenye shimo la ziada, na picha za mrusho ule zikaonyeshwa kwenye televisheni kwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari za mchezo huo. Watazamaji walijaa pande zote mbili za njia, wamebanana bega kwa bega.

Simu zilibaki na kazi ya kuhesabu, na kadi za karatasi hazikurudi katika viwanja vingi. Manispaa zilizoona bustani zao zikijaa ziliongeza vikapu, na kufikia 2024 viwanja vilikuwa vimepita 15,000 duniani kote.